Jimbo la Msambweni: Mipaka Yake, Watu Wake na Kura Zake

Mtu avukaye kivuko cha Likoni na kushika barabara iendayo Lunga Lunga, hupita Waa na Tiwi kabla ya kufika Ukunda. Hapo njiani huvuka mpaka asiouona. Mto Mwachema, uingiao baharini karibu na msikiti wa kale wa Kongo, hutenga pwani ya Tiwi na pwani ya Diani. Na Tiwi ni ya jimbo la uchaguzi la Matuga, bali Diani ni ya Msambweni. Hakuna lango wala bendera ya kuonyesha jambo hilo. Mvuvi wa ng'ambo hii na mvuvi wa ng'ambo ile husema Kidigo kimoja na huuza samaki katika soko moja. Lakini siku ya uchaguzi kila mmoja humpigia kura mtu mwingine.

Yafaa basi kueleza mipaka hiyo ilivyowekwa, kwa maana wako wengi wadhanio kwamba iliandikwa na wazee wa zamani, au kwamba wanasiasa huisogeza wapendavyo.

Jimbo la Msambweni lina wadi nne: Gombato Bongwe, Ukunda, Kinondo na Ramisi. Ndani yake imo Diani yenye mahoteli, mji wa Ukunda uliojaa wafanya kazi kutoka kila upande wa Kenya, Gazi yenye mikoko, msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, mji wenyewe wa Msambweni, na mashamba ya miwa ya Ramisi. Shimoni, Wasini na Vanga hazimo. Zamani zilikuwamo, na watu wazima wa huko wanakumbuka vema kupiga kura Msambweni. Lakini tangu uchaguzi wa mwaka 2013 zimo katika jimbo jipya la Lunga Lunga.

Sababu ya kugawanywa ni hesabu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliongeza majimbo kutoka 210 hadi 290, ikaagiza kwamba idadi ya watu wa kila jimbo ikaribiane na ya majimbo mengine. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2009 Kenya ilikuwa na watu 38,610,097. Ukigawanya kwa 290, kila jimbo lapata watu 133,138. Hicho ndicho kipimo. Kwa kuwa haiwezekani kukata nchi kama mtu akatavyo kitambaa, sheria yaruhusu jimbo kuzidi au kupungua kwa theluthi isiyotimia, yaani 30 katika kila 100. Na katika miji mikubwa na nchi zenye watu wachache waliotawanyika, 40 katika kila 100. Tena hapana budi kutazama mito na milima, njia za kupitia, na udugu wa watu wakaao pamoja.

Sasa tutazame Kwale ya mwaka huo wa 2009. Matuga ilikuwa na watu 151,978, nayo ilikuwa ndani ya kipimo. Msambweni ilikuwa na watu 288,393, yaani zaidi ya majimbo mawili katika moja! Mbunge mmoja alibeba mzigo wa wawili, na kura ya mtu wa Vanga ilikuwa na uzito pungufu ya nusu ya kura ya mtu wa jimbo lililo sawa na kipimo. Ndiyo maana Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, katika tangazo lake la Machi 2012, ilikata jimbo hilo vipande viwili. Kinango nayo ilikuwa na watu 209,560, hesabu inayozidi hata ile ruhusa kubwa ya 40 katika 100, lakini haikukatwa. Hapo ndipo penye kisa ambacho hakijaisha, nacho kitaelezwa mbele.

Kuhusu wakazi wenyewe, wenyeji walio wengi zaidi katika Msambweni ni Wadigo, mmoja wa jamaa tisa za Mijikenda, na wengi wao ni Waislamu. Pamoja nao wako Washirazi, Wasegeju, Waduruma walioshuka kutoka bara ya wilaya, Wakamba, na watu wa bara wa kila kabila waliofuata kazi za mahoteli na biashara ya Ukunda. Kuchanganyika huko kumekuwa na siku zake mbaya. Mwezi wa Agosti 1997, miezi michache tu kabla ya uchaguzi, vita vilivyoanzia Likoni viliwafukuza watu wengi wa bara kutoka pwani ya kusini. Na mtu aliyekimbia nyumba yake hakimbii na kituo chake cha kura.

Lakini wako watu wa Msambweni ambao kwa miaka mingi hawakuwa na kituo cha kukimbia. Hao ni Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji katika karne iliyopita, wakati wa ukoloni, wakaja kukata mkonge na miwa, wakazaa na kuzikana hapa, wala hawakuandikwa kuwa raia. Asiye na kitambulisho hakuweza kujiandikisha kuwa mpiga kura, wala kufungua hesabu ya benki, wala kununua shamba kwa jina lake. Mwezi wa Oktoba 2016 walianza safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe vitambulisho. Mapema mwaka 2017 walivipokea, wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Na uchaguzi wa Agosti mwaka huo ulikuwa wa kwanza kwa wengi wao, hata vikongwe. Wapemba wa pwani, ambao wengi wao ni wavuvi, walitambuliwa vivyo hivyo mwaka 2023.

Historia ya kura katika nchi hii si ndefu kama wengi wanavyofikiri. Mwafrika alipiga kura ya kumchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza Machi 1957. Wakati huo Waafrika wa Pwani yote walikuwa na kiti kimoja tu, nacho alikipata Ronald Ngala. Kura zenyewe hazikuwa sawa: mwenye elimu, mali au utumishi wa miaka mingi aliweza kuwa na kura mbili au tatu, na asiye na sifa hizo hakuwa nayo hata moja.

Baada ya Uhuru majimbo yakaongezeka. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Msambweni ilimchagua Kassim Mwamzandi wa KANU. Mwaka 1997 ilimchagua mwanamke, Marere wa Mwachai, naye wa KANU. Jambo lililowashangaza waliodhani kwamba Wadigo wasingempa mwanamke kiti hicho. Mwaka 2002 upepo wa Kenya uligeuka, KANU ikashindwa Nairobi, lakini Msambweni ilibaki nayo kwa kumchagua Abdallah Ngozi. Mwaka 2007 ilihamia ODM na Omar Zonga, kisha mwaka 2013 na 2017 ikampa Suleiman Dori kiti hicho kwa chama hicho hicho.

Dori alifariki Machi 2020, wakati maradhi ya Korona yalipokuwa yakiingia nchini, hata uchaguzi mdogo ukaahirishwa hadi tarehe 15 Desemba. Wengi walidhani kiti ni cha ODM bila shaka. Kumbe sivyo. Feisal Bader, aliyekuwa msaidizi wa marehemu na aliyesimama bila chama, akiungwa mkono na William Ruto, Naibu wa Rais wa wakati huo, alipata kura 15,251. Omar Boga wa ODM alipata 10,444. Tofauti ni kura 4,807. Yafaa kukumbuka kwamba walioandikishwa walikuwa karibu 69,000. Hivyo wagombea hao wawili, waliosumbua nchi nzima kwa magari na mikutano, kwa pamoja walipata kura za watu wasiofika wanne katika kila kumi. Mwaka 2022 Bader alirudi bungeni, safari hii kwa chama cha UDA.

Turudi sasa kwenye mipaka. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Kenya ina watu 47,564,296, hivyo kipimo kimepanda kufika 164,015. Kwale ina watu 866,820. Msambweni ni 177,690, Matuga 194,252, Lunga Lunga 198,423; zote zimezidi kipimo, ila kwa kadiri iliyoruhusiwa. Lakini Kinango pamoja na Samburu, zilizo jimbo moja, zina watu 296,455. Mfugaji wa Mackinnon Road na mkulima wa Ndavaya wanamgawana mbunge mmoja na karibu watu laki tatu, kama watu wa Vanga walivyokuwa kabla ya 2013.

Kwa hesabu tupu, Kwale ingestahili majimbo matano. Ugumu ni kwamba Katiba imefunga idadi kuwa 290: ili Kwale ipate la tano, mahali pengine katika Kenya hapana budi papoteze moja, na hakuna mbunge apendaye kusikia kwamba mahali hapo ni kwake. Sheria yataka mipaka itazamwe upya kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, wakati Tume haikuwa na makamishna hata mmoja. Makamishna wapya waliingia kazini Julai 2025, ule muda ukiwa umekwisha kupita kwa mwaka na zaidi.