Vijiti Kumi na Kamba Moja: Watoto Wetu Wanavyojifunza kwa Mikono



Mara nyingi mtoto akirudi kutoka masomoni tunamwuliza, “Leo mmefanya nini?” Naye anajibu, “Tumecheza na vijiti.” Hapo wengi wetu tunakunja uso. Tumefua shati jeupe, tumetafuta pesa ya kaye, tumemsamehe kazi ya kuchota maji, kumbe ameenda kucheza! Wiki hii tuzungumze juu ya vijiti hivyo, maana ndani yake kuna hesabu ambayo wengi wetu hatukuipata tulipokuwa wadogo.

Katika mwaka wa kwanza na wa pili, mtoto anapewa vijiti vya urefu wa kidole. Anahesabu kimoja kimoja mpaka kumi, kisha anavifunga kwa kamba ya mgomba. Fungu moja ni kumi. Mafungu matatu na vijiti vinne vya pembeni ni 34. Mwalimu akiandika 34 ubaoni, mtoto anajua kwamba ile 3 ni mafungu, na ile 4 ni vijiti ambavyo havijafungwa.

Sasa mwambie atoe 6 katika 34. Anaona mwenyewe kwamba vijiti 4 havitoshi, basi anafungua fungu moja. Anabaki na mafungu 2 na vijiti 14. Anatoa 6, vinabaki 8. Jibu ni 28. Ile “kukopa” tuliyokariri sisi bila kujua tunakopa kwa nani, yeye ameifanya kwa vidole vyake.

Kiswahili chetu kinamsaidia pia. Hapa kwetu sokoni, wengi hatusemi sabini, tunasema makumi saba. Jina lenyewe linamwonyesha mtoto mafungu saba. Baadaye Kifaransa kinaingia, na makumi saba inakuwa septante. Hapo jina halionyeshi tena mafungu waziwazi. Makumi nane inakuwa quatre-vingts, yaani ishirini mara nne, na hapo hata mtu mzima anasimama kufikiri.

Katiba yetu ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Kifaransa ndicho lugha ya serikali. Kwa hiyo mtoto wa Ituri anatakiwa kuanza masomo katika Kiswahili, halafu ahamie Kifaransa, na mwisho wa mwaka wa sita mtihani wa taifa unamngojea. Safari hiyo ya kutoka lugha moja kwenda nyingine ndiyo inayowaangusha wengi. Mtoto aliyewahi kushika makumi saba mkononi anajifunza jina jipya tu la kitu anachokijua. Aliyekariri maneno bila kushika kitu inambidi aanze upya.

Kwa nini tunasema haya hapa Komanda? Kwa sababu mji wetu ni njia panda. Barabara moja inakwenda Bunia, nyingine Beni, nyingine Mambasa mpaka Kisangani, na kwa barabara hizo jamaa nyingi zimefika kwetu zikikimbia vita. Sisi wenyewe tulilia mwaka 2025, usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai, watu zaidi ya 40 walipouawa na waasi wa ADF, wengi wao wakiwa kwenye mkesha wa maombi parokiani. Kuna watoto waliokimbia mara mbili, mara tatu. Walipoteza kaye, buletini, na wengine mwaka mzima wa masomo.

Tena, tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyotaka. Tunashukuru, lakini madarasa yamejaa. Mtoto wa miaka kumi anaketi katika mwaka wa pili pamoja na wadogo zake. Anaona haya. Akiulizwa kwa sauti mbele ya wote, ananyamaza. Mpe vijiti, au mwambie ahesabu maharagi. Pengine ameuza ndizi kando ya barabara, na anajua kwamba ukinunua vya franka 700 na kutoa noti ya 1000, unarudishiwa 300. Hesabu anayo tayari mkononi, na kazi ya mwalimu ni kumwonyesha namna inavyoandikwa. Mtoto wa namna hiyo akianza kujibu, ule woga unapungua, naye hatafuti tena sababu ya kubaki nyumbani.

Mambo haya hayakuanza jana. Tarehe 6 Januari 1907, mama mmoja daktari, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Aliwapa watoto vitu vya kushika, kupanga na kupima. Hata herufi aliwakatia katika karatasi ya msasa, ili kidole kipite juu yake na kujua umbo lake kabla mkono haujashika kalamu. Sisi hatuna karatasi hiyo, lakini mchanga tunao. Mtoto akiandika A kwa kidole mchangani mara kumi, hajamaliza hata ukurasa mmoja wa kaye.

Vijiti peke yake havitoshi. Lazima mtoto afike mahali pa kuviacha na kuhesabu kichwani, na lazima asome na aandike. Lakini asinyang'anywe mapema. Atavisukuma pembeni mwenyewe siku ambayo havihitaji tena.

Basi sisi tufanye nini? Kazi hii haihitaji Kifaransa, wala haihitaji kuwa umemaliza masomo.

Ukichambua maharagi jioni, mpe mtoto konzi moja. Ayapange kumi kumi, akuambie ni mangapi.

Ukirudi sokoni, mwache ahesabu noti mbele yako. Muulize: “Tukinunua chumvi na sabuni, tunabaki na ngapi?” Msichana vilevile kama mvulana. Usimtume yeye jikoni wakati kaka yake anahesabu.

Panda maharagi matatu katika kopo kuukuu lenye udongo. Yakishaota, mtoto apime mmea kila asubuhi kwa kamba, na kila siku afunge fundo jipya. Baada ya wiki mbili ana kipimo chake mwenyewe, naye ataweza kukuambia ni siku zipi mmea ulikua haraka.

Tena iko kazi ya vikundi vyetu. Darasa la watoto 60, kila mmoja na vijiti 100, linahitaji vijiti 6,000. Mwalimu mmoja hawezi kuvikata vyote. Lakini kila jamaa ikikata 100, ni kazi ya jioni moja. Tusugue ncha zisichome, tufunge mafungu kumi, tuweke katika mfuko mdogo wa kitambaa wenye jina la mtoto. Mama mwenye nafasi akate mafungu mawili matatu zaidi kwa ajili ya mtoto aliyefika juzi na hana mtu wa kumkatia.

Kwenye mkutano ujao kila kikundi kilete mifuko yake, tuipeleke pamoja kwa mkurugenzi wa shule iliyo karibu nasi. Na leo mtoto akirudi akisema amecheza na vijiti, umwombe akuonyeshe namna ya kutoa 6 katika 34. Pengine utajifunza naye.