Mtoto Aliyekatazwa Kuchora

Mzazi alipaye karo kwa mapato ya mahindi yake, akifungua daftari ya hesabu ya mwanawe akaikuta imejaa picha za ng'ombe na ndege, ni nadra sana kufurahi. Huona kwamba jasho lake linapotea bure. Fikira hiyo si ya Kenya peke yake. Huko Hispania, zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, alikuwako baba aliyewaza vivyo hivyo, na habari za mwanawe zafaa kusimuliwa.

Mtoto huyo aliitwa Santiago Ramón y Cajal, naye alizaliwa mwaka 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón. Baba yake alianza maisha kwa kumtumikia kinyozi mganga, kisha akajisomesha kwa taabu kubwa mpaka akawa daktari, na kwa hiyo hakutaka kusikia kwamba mwanawe atafanya kazi nyingine. Lakini mtoto alichora juu ya kuta, juu ya milango, na juu ya kila kipande cha karatasi alichookota. Siku moja baba aliichukua picha mojawapo akampelekea fundi aliyekuja kupaka chokaa kanisa la mjini kwao, ili atoe hukumu. Fundi akasema haifai kitu. Ni ajabu kidogo kwamba mtu mwenye elimu alimfanya mpaka chokaa kuwa hakimu wa sanaa, lakini kesi iliishia hapo. Rangi zikaondolewa, na mtoto, ambaye shuleni alikuwa mtundu kupita kiasi, akapelekwa kujifunza kazi ya unyozi, kisha ya ushonaji viatu.

Kilichowapatanisha wawili hao ni mifupa ya wafu. Mwaka 1868 baba alimchukua mwanawe usiku mpaka makaburini, wakaokota mifupa iliyofukuliwa, ili amfundishe jinsi mwili wa binadamu ulivyojengwa. Kijana yule, aliyekuwa mzito wa kukariri maneno ya vitabu, alipoushika mfupa mkononi na kuuchora hakusahau tena tundu wala pindo lake. Baba akaanza kuzionea fahari zile picha alizokuwa akizichukia.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mkulima aweza kupita mbele ya mgomba kila siku kwa miaka ishirini, lakini akiambiwa auchore hajui jani jipya latokea wapi. Kalamu humwuliza maswali ambayo jicho halikuwahi kujiuliza.

Cajal alihitimu udaktari mwaka 1873, akapelekwa kisiwa cha Cuba pamoja na jeshi, na huko malaria karibu imwue. Aliporudi alinunua darubini ya kukuzia vitu vidogo kwa akiba yake. Siku zile wataalamu wengi waliamini kwamba ndani ya ubongo mishipa ya fahamu imeungana yote kama wavu mmoja. Mwitalia aitwaye Camillo Golgi alikuwa amevumbua njia ya kutumia dawa yenye madini ya fedha, ambayo huzigeuza seli chache kuwa nyeusi na kuziacha nyingine zote bila rangi. Cajal aliiona njia hiyo mwaka 1887, akaitengeneza iwe bora zaidi, akaitumia hasa kwa makinda ya ndege na wanyama wachanga, ambao ubongo wao haujawa na msongamano mkubwa. Mwaka uliofuata akatangaza kwamba hakuna wavu: kila seli husimama peke yake, na matawi yake huyakaribia ya jirani bila kuungana nayo, kama miti ya msituni.

Mtu asidhani kwamba uchoraji peke yake ndio uliomfikisha hapo. Golgi naye alichora, na alichokiona ni wavu. Mkono hodari waweza kuchora kile ambacho mwenyewe anakitamani. Cajal alilinganisha kipande kwa kipande, ndege kwa mnyama, tena na tena, kabla ya kuuamini mstari wake mwenyewe.

Mwaka 1889 alivibeba vipande vyake mpaka Berlin kwa gharama yake, na kwa Kifaransa cha kubabaisha akamvuta bingwa mzee, Albert von Kölliker, mpaka kwenye darubini. Mzee akatazama, akakubali. Mwaka 1906 Cajal na Golgi waligawana tuzo ya Nobel, na katika hotuba yake huko Stockholm Golgi bado aliutetea wavu wake. Cajal alifariki mwaka 1934. Miaka ya 1950 ndipo darubini za elektroni zilipouonyesha wazi ule mwanya ulio kati ya seli na seli.

Picha zake zingali zikichapishwa katika vitabu vya wanafunzi wa udaktari. Nyingine zimetundikwa katika majumba ya maonyesho ya sanaa, na watu wasiojua lolote juu ya ubongo husimama mbele yake wakizitazama.