Kiti Kimoja, Miguu Miwili: Kinga ya Wazee Dhidi ya Kuanguka

Mzee anapoanguka uani, lawama hupewa jiwe au utelezi. Aghalabu chanzo kimo pajani. Kadiri umri unavyosonga, misuli hupungua, hasa nyuzi zake zinazojikaza kwa haraka. Mguu huchelewa kutangulia ili kuuzuia mwili usianguke. Mwaka 1989, Irwin Rosenberg wa Marekani aliipa hali hiyo jina la sarkopenia.

Kuichunguza huanza na kiti. Mzee huombwa ainuke na kuketi mara tano, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Akizidisha sekunde 15, nguvu za miguu yake hutiliwa shaka.

Kipimo hicho ndicho pia zoezi la kwanza. La pili ni kusimama nyuma ya kiti kizito, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kwa sekunde 10. Mwanzoni ashike kwa mikono miwili, baadaye mmoja, hatimaye kidole tu, huku mtu akiwa karibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri mazoezi ya mizani na nguvu kwa siku 3 au zaidi kila wiki. Maharage, dagaa na mayai huipa misuli protini ya kujijengea. Kizunguzungu au maumivu ya kifua yakitokea, aache na amwone daktari.

Familia nyingi humkalisha mzee kutwa nzima kwa kumhurumia. Huruma hiyo humdhoofisha: msuli usiotumika hunyauka.