Amosi na mizani ya udanganyifu

KATI ya manabii wa Kiebrania, sijaona anayeijua lugha ya soko kama Amosi. Hakuwa kuhani. Alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu wa Tekoa, kusini mwa Bethlehemu, katika ufalme wa Yuda. Yapata mwaka 760 kabla ya Kristo alivuka mpaka kwenda Israeli, ufalme jirani wa kaskazini uliotawaliwa na Yeroboamu wa Pili. Biashara ilishamiri, na wenye nacho walilala kwenye vitanda vya pembe za ndovu.

Hukumu anayoitangaza inaanzia kwa majirani: Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Nadhani wasikilizaji walishangilia, maana nani hafurahi jirani akisemwa? Gaza na Tiro wanashitakiwa kwa kukamata jamii nzima za watu na kuwatia mikononi mwa Waedomu. Msomaji aliyewahi kuikimbia nyumba yake haitaji kufafanuliwa kosa hilo. Kisha Amosi anafika Yuda, kwao mwenyewe, na mwisho anatua Israeli, kwa hao hao waliokuwa wakimsikiliza. Wao wanamuuza maskini kwa jozi ya viatu.

Baadaye yanakuja maono matano. Katika ono la nzige na lile la moto, Amosi anawaombea watu na Mungu anaghairi. La tatu ni timazi, ile kamba ya mwashi yenye uzito chini. (Wataalamu bado wanabishana juu ya neno lenyewe la Kiebrania, lakini hiyo ndiyo tafsiri iliyozoeleka.) Hapa Amosi haombi tena. Naona sababu: nzige na moto ni maafa, mtu anaweza kuombewa yasimpate. Ukuta uliopinda utauombea nini? Timazi haikuupinda, imeuonyesha tu.

Ono la nne ni kikapu cha matunda ya kiangazi. Kwa Kiebrania neno hilo linakaribiana kwa sauti na neno "mwisho". Mara wanatajwa wafanyabiashara wanaoona sabato inachelewa kwisha. Sarafu hazikutumika bado. Mnunuzi alilipa kwa fedha iliyopimwa kwa mawe. Wauzaji waliipunguza efa, kipimo cha nafaka kinachokaribia debe letu, na kuliongeza uzito jiwe la shekeli. Mnunuzi akapunjwa nafaka, akazidishiwa malipo, na juu yake akauziwa makapi. Anayenunua kwa lumbesa na kuuza kwa debe lililobonyea atalielewa hilo upesi kuliko wahubiri wengi.

Amazia, kuhani wa Betheli, alimwambia arudi Yuda akale mkate wake huko. Kwa maneno mengine, mgeni, rudi kwenu. Mwaka 722 Samaria, mji mkuu wa Israeli, ulianguka mikononi mwa Waashuri, na watu wake wengi wakahamishwa.

Ono la tano, la Bwana amesimama kando ya madhabahu, ndilo kali kuliko yote. Hata hivyo mistari ya mwisho inageuka: waliohamishwa wanarudi, wanajenga miji iliyobomoka, wanakunywa divai ya mizabibu waliyoipanda wao. Wapo wanaosema mistari hiyo iliongezwa baadaye. Huenda. Aliyeiandika alijua swali la kwanza la anayerejea kijijini: shamba langu, nani analilima sasa?