Je, Wajua? Fonti Iliyotoka Mlangoni mwa Kituo cha Mabasi

Katika mji wa New York, kwenye barabara iitwayo Eighth Avenue, kipo kituo kikubwa cha mabasi kilichofunguliwa mwaka 1950, na mbele yake pana maandishi manene yanayotaja jina lake, Port Authority Bus Terminal, ambayo wasafiri wasiohesabika wameyapita pasipo kuyatupia jicho. Aliyeyatazama kwa makini ni Tobias Frere-Jones, bingwa wa kubuni hati za chapa. Naye mwaka 2000, jarida la GQ lilipotaka hati mpya yenye sura ya kiume na ya kisasa, aliyafanya maandishi hayo kuwa asili ya fonti iitwayo Gotham.

Kilichomvutia ni kwamba herufi za namna ile hazikutoka matbaani. Zilitokana na mikono ya wahandisi na wachoraji wa majengo, watu wa rula na bikari, ambao kwao O ni duara na I ni mhimili, wala hapana nakshi. Na kwa kuwa vibao vya zama hizo vilikuwa vikiondolewa kimoja baada ya kingine, alizunguka mitaa ya Manhattan na kamera yake, akivipiga picha kabla havijatoweka.

Walakini kazi ya fundi wa fonti si kunakili tu. Lihesabu jina la kituo kile, utaona lina herufi 15 mbalimbali. C, D, F, G, J, K, Q, V, W, X na Z hazimo, na herufi ndogo wala tarakimu hazitajwi. Yampasa basi mbuni akisie zisizokuwapo kwa kuzifuata zilizopo: tumbo la P limwongoze kwenye D, duara la O limfikishe kwenye C na G, na miguu ya A imfundishe V.

Hapo hukutana na hakimu mkali, nalo ni jicho la mwanadamu, lisilokubali hukumu ya rula. O iliyolingana sawasawa na H kwa kimo huonekana fupi, kwa hiyo sharti ivuke kidogo mstari wa juu na wa chini; ufito wa kulala wa H hupunguzwa unene ili uonekane sawa na nguzo zake; nazo A na V zikifuatana husogezwa karibu, isije ikadhaniwa kuwa neno limekatika. Yote hayo mchoraji wa vibao huyafanya kwa mazoea ya mkono, ilhali kompyuta lazima iagizwe. Kila herufi huhifadhiwa kama nukta na mikunjo, kwa hisabati iliyoenezwa na Pierre Bézier, mhandisi wa magari ya Renault, katika miaka ya 1960. Ndiyo maana herufi moja huweza kujaa ukuta mzima au kuenea katika kioo cha simu bila kuharibika umbo.

Mwaka 2004 Gotham ilichongwa kwenye jiwe la msingi la mnara mpya wa World Trade Center, na mwaka 2008 ikabeba kampeni ya Barack Obama, mwana wa Mkenya, hata ikajulikana duniani kote. Usanifu uliosifiwa hivyo asili yake ni kazi ya watu ambao hawakudai kuwa mabingwa wa chapa, bali walitaka tu msafiri aujue mlango.