Bwana na bibi kwenye njia za mawe: nani abebe nini kati ya Shabunda na milima?

Kuna watu wanaolipa pesa ili watembee mlimani siku nzima. Wakati wa usalama, bwana na bibi wanatoka Bukavu asubuhi, wanafika Tshivanga katika Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, wanapewa walinzi wa kuwaongoza, kisha wanapanda mlima Kahuzi wenye mita 3,308. Mgongoni wana mfuko mdogo wa maji na mikate. Jioni wanarudi nyumbani.

Upande wa pili wa milima hiyo, kule pori linakoteremka hadi Shabunda, bwana na bibi wengine nao wanapanda mawe, wanavuka mito na kulala chini ya shitingi. Tofauti ni kwamba hawa wamebeba mawese, chakula, sufuria na mtoto. Makala hii inaeleza mambo matatu yanayoamua kama wawili hao watafika pamoja na wakiwa wazima: mzigo, saa, na mahali pa kulala.

Kwa nini bado wanakwenda kwa miguu?

Teritware ya Shabunda ina kilomita za mraba 25,216. Ni karibu sawa na nchi nzima ya Rwanda, ambayo ina 26,338. Barabara ya taifa namba 2 inapaswa kuiunganisha na Bukavu kupitia Burhale, lakini kwa miaka mingi imeharibika: matope yanameza magurudumu, vilalo vinabomoka, na mvua inakata njia. Bidhaa nyingi zilizoea kuja kwa ndege kutoka Kavumu, na ndiyo maana chumvi, sabuni na sukari vinauzwa Shabunda kwa bei ambayo mtu wa Bukavu anashangaa kuisikia.

Asiye na pesa ya ndege wala ya moto anatembea. Anaanzia kwenye pori la joto, chini ya mita 1,000, na anapanda hadi nchi ya juu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na milima inayolizunguka inapita mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kwa digrii kama 6. Kwa hiyo mtu anaondoka nyumbani akitoka jasho na analala njiani akitetemeka.

Mzigo: desturi inasema nini, mwili unasema nini

Kwenye njia nyingi za Kivu ya Kusini mpangilio unajulikana: bwana anatangulia na panga, bibi anafuata na kitunga mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Desturi hiyo ilikuwa na sababu yake. Aliye mbele alifyeka njia, aliangalia nyoka na mnyama, na mikono yake ilitakiwa kuwa huru. Siku hizi njia imekwisha kukanyagwa na maelfu ya watu, lakini mzigo umebaki mgongoni kwa mama.

Wengine wanasema: "Mama amezoea." Je, ni kweli? Swali hilo lilipimwa Kenya. Mwaka 1986, Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya wanawake Waluo wanaobeba kichwani na wanawake Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba ya paji la uso, kama mama zetu. Walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Baadaye, mwaka 1995, ilielezwa kwamba siri yao iko kwenye mwendo: mwili unabembea kama timazi, na nguvu ya hatua moja inasaidia hatua inayofuata.

Lakini matokeo hayo yana mipaka mitatu. Kwanza, ukipita asilimia 20, gharama inaanza kupanda kwa kila kilo inayoongezwa. Pili, vipimo vilifanywa kwenye sehemu tambarare. Kwenye mawe yenye kuteleza, mtu anakanyaga, anasimama, anatafuta pa kuweka mguu, na ule mwendo wa kubembea unavunjika. Tatu, utafiti wa mwaka 2010 kwa wanawake Waxhosa wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba si wote wenye faida hiyo, na maumivu ya shingo yanawasimamisha wengi kabla ya nguvu kuisha. Kuzoea kunasaidia, lakini shingo na magoti yanabaki yale yale.

Tupige hesabu ya kawaida. Bwana ana kilo 65, bibi ana kilo 55. Wana bido moja ya mawese ya lita 20, yenye kilo kama 18. Chakula cha njiani ni kilo 8. Shitingi, sufuria na nguo ni kilo 6. Mtoto ana kilo 9. Jumla ni kilo 41.

Kwa desturi, bwana anachukua zile kilo 6 na panga lake. Bibi anabaki na mawese, chakula na mtoto: kilo 35, yaani asilimia 64 ya uzito wake. Bwana ana asilimia 9 tu.

Sasa wabadilishe. Bwana abebe bido, shitingi na sufuria: kilo 24, asilimia 37 ya uzito wake. Bibi abebe mtoto na chakula: kilo 17, asilimia 31. Bado ni mzigo kwa wote wawili, lakini chakula kinapungua kila siku, na mzigo wa mama unapungua nacho. Hiyo haimwondolei baba heshima yake. Inafanya wawili hao watembee mwendo mmoja.

Na mwendo mmoja si jambo la raha tu. Mwenye mzigo mkubwa anabaki nyuma. Kona mbili za njia zikipita, bwana hamuoni tena. Kwenye njia zetu, ambako watu wenye silaha wanapita, mwanamke aliyeachwa nyuma peke yake na mzigo mgongoni hawezi hata kukimbia. Ndiyo maana wanaojua njia wanasema anayechoka haraka atangulie, na mwenye nguvu afuate. Kama kubaya kumetokea na mama amebakwa, afikishwe kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita: ndani ya muda huo kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Hilo halina haya. Ni matibabu, na mgonjwa hana kosa.

Saa: kuondoka mapema, kushuka mapema

Mwaka 1892 Mskochi mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 15 yenye mita 900 za kupanda inakuwa saa tatu pamoja na saa moja na nusu, yaani saa nne na nusu. Lakini hiyo ni kwa mtu mwepesi, kwenye njia kavu. Kwa wenye mzigo, matope na mtoto wa kunyonyeshwa, ni busara kuzidisha mara mbili: saa tisa. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, utafika saa tisa mchana. Ukiondoka saa nne, giza litakukuta njiani, maana huku kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni na giza halikawii.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi: radi. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela mahali pa kwanza duniani kwa wingi wa radi. Mahali pa pili palikuwa Kabare, hapa Kivu ya Kusini, kwa radi zaidi ya 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kampene, katika Maniema, jirani na Shabunda, ilikuwa ya tatu. Hewa yenye unyevu ya bonde la Kongo inagonga milima yetu, inapanda juu, na dhoruba inazaliwa, mara nyingi baada ya mchana.

Kwa hiyo mgongo wa mlima wenye mawe matupu uvukwe asubuhi. Mkisikia ngurumo, shukeni. Msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Na jambo gumu kwa wanaopendana: msikae mkiwa mmeshikana. Achaneni hatua kama ishirini, ili radi moja isiwachukue wote wawili na mmoja abaki wa kumsaidia mwenzake. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguseni mara moja, na kama hapumui, kandamizeni kifua. Katika vijiji vingi watu wanasema radi ni ya kutumwa, na aliyebaki hai anaanza kutupiwa jicho. Radi inatoka mawinguni, na Kabare ina nyingi kuliko karibu dunia nzima.

Kulala njiani

Kabla ya kuchagua mahali, angalieni juu. Katika pori, tawi kavu linaloanguka usiku wa mvua linaua. Kisha angalieni chini: mchanga mzuri kando ya mto unavutia, lakini mvua ikinyesha kule juu, maji yanafika bila ninyi kuona tone. Laleni mahali pa mwinuko kidogo, shitingi ikiwa imeinama upande wa upepo.

Wekeni nguo moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki, isivaliwe mchana kabisa. Nguo iliyolowa jasho inakula joto la mwili. Mtoto aliye mgongoni hatembei, kwa hiyo anapoa kabla ya wazazi. Mkimgusa miguu na kifua, na kifua ni baridi, simameni, mvueni nguo mbichi, mbebeni ngozi kwa ngozi.

Maji ya mto yachemke kabisa kabla ya kunywa. Kamambili zinafaa kwa kupumzisha miguu jioni. Kwenye mawe zinateleza. Kuteremka kunaumiza magoti kuliko kupanda, kwa hiyo kila mmoja akate fimbo. Wabebaji wa Nepal, ambao wanaume kati yao walipimwa wakibeba karibu uzito wao wote, wana fimbo yenye umbo la T. Wanatembea polepole, wanatua mzigo juu ya fimbo bila kuinama, wanapumua, kisha wanaendelea. Hawashindani na mlima.

Kabla ya kuondoka

Ulizeni habari za njia katika kijiji cha mwisho, kwa mtu aliyetoka huko siku hiyo au jana yake. Nendeni na wengine. Msikate njia ndani ya hifadhi bila ruhusa. Muachieni mtu aliyebaki nyumbani jina la kijiji mtakakolala na siku mnayotarajia kufika.

Halafu mzigo uwekwe chini, bwana na bibi wauangalie pamoja, na kila mmoja auinue kabla ya kukubali kuubeba.