Taa ya gari ikilia krr-krr, si lazima uinunue nzima

Kila nikiwasha swichi, kabla injini haijanguruma, sauti ilitoka mbele ya gari upande wa kushoto: krr-krr-krr, kama panya anayetafuna mbao. Injini ikishawaka, sauti ilimezwa nami nikasahau. Nikaiacha hivyo wiki tatu nzima.

Kilichonizindua ni malori. Nilikuwa narudi Eldoret usiku kutoka Nakuru, watoto wa dada yangu wamelala kiti cha nyuma, na pale Timboroa ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini. Ndugu zangu wa Pwani ambao hawajapita huko wajue kwamba reli ya zamani ilivuka eneo hilo kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700, na barabara nayo haiko mbali nayo. Madereva waliokuwa wakija mbele yangu wakawa wananimulika mmoja baada ya mwingine. Nikadhani nimeacha fuli. Natazama, niko kwenye dimu. Taa ya kushoto ilikuwa imeinua uso, na kwenye ukungu mwanga ukipanda juu unakurudia mwenyewe machoni. Ukingo wa lami niliuona nikiwa tayari juu yake.

Kesho yake fundi wa kwanza aliniambia, "Mzee, hii taa imekufa, tununue nyingine nzima." Wa pili akasema nichomoe plagi tu, kelele itaisha. Ni kweli ingeisha, lakini taa ingebaki palepale ilipo, ikiwatoboa macho watu. Ushauri huu wa pili nauona mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu unakuondolea dalili na kukuachia ugonjwa.

Ile sauti ni ya mota ndogo iliyoko nyuma ya taa. Ukiwa na gari lenye kigurudumu kidogo kwenye dashibodi, chenye namba kuanzia 0, hicho ndicho kinachoiamrisha. Gari likiwa tupu unaweka 0. Ukipakia mizigo nyuma, pua ya gari inainuka na mwanga unapanda, kwa hiyo unazungusha namba juu ili taa ziiname. Wengi wetu tunamiliki gari miaka mitano bila kukigusa kigurudumu hicho.

Ndani ya mota kuna gia za plastiki zinazosukuma kijiti mbele na nyuma kwa milimita chache. Kichwa cha kijiti ni duara kama punje ya mbaazi, nacho kimenasa kwenye kiakisi, ile sahani inayong'aa ndani ya taa. Pia kuna kijia cha kaboni ambacho kidole cha chuma hutambaa juu yake ili mota ijue imefika wapi. Ikifika inapotakiwa, inasimama. Kijia kikichafuka au kikiliwa, mota haijui iko wapi: inakwenda, inarudi, inakwenda, inarudi. Hiyo ndiyo krr-krr isiyokoma. Gia ikivunjika meno, utasikia mota inazunguka lakini mwanga hausogei.

Si kila sauti ni ugonjwa, lakini. Magari yenye taa zinazojirekebisha zenyewe huteremsha na kupandisha mwanga kidogo kila ukiwasha swichi, kisha hunyamaza. Hilo ni jambo la kawaida. Kwenye magari hayo, taa zote mbili zikikaa vibaya, usianze na taa. Ingia chini ya gari utazame kijiti chembamba kinachounganisha kihisio na mkono wa springi ya nyuma. Barabara mbovu hukivunja.

Mimi nilianza kwa sikio. Nilikata kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine nyuma ya taa, swichi imewashwa, injini imezimwa. Mpira huo ulinihakikishia kwamba sauti haitoki kwenye feni wala kwenye mota za viyoyozi, ambazo nazo hulia vivyo hivyo. Kisha nikachomoa plagi ya mota ya kushoto. Kimya. Nikairudisha, krr. Ya kulia haikuwa na neno. Upande mmoja ukilia, mshukiwa ni mota yenyewe au plagi yake. Zikilia zote mbili, pima kwanza kigurudumu cha dashibodi na nyaya zake. Plagi huwa na nyaya tatu: mbili za umeme na ardhi, ya tatu inaleta amri, na volti zake lazima zibadilike unapozungusha kigurudumu.

Kuitoa mota kunataka subira. Nyingi huzungushwa kidogo, kisha unaipinda taratibu ili kile kichwa cha duara kitoke kwenye shimo lake. Ukivuta kwa hasira, shimo la plastiki linavunjika na kuangukia ndani ya taa, na hapo utainunua nzima kweli. Kama taa zako ni za zenoni, toa kwanza waya wa betri. Zile huwashwa kwa maelfu ya volti na si za kuchezea.

Fundi wa tatu, kijana mpole wa jua kali, ndiye aliyenisaidia kuifungua. Ndani mlikuwa na unyevu, na miguu ya plagi ilikuwa na kutu ya kijani. Akaitazama, akanitazama, akacheka: "Mzee, hii chumvi ni ya kwenu." Kweli gari hilo lilikaa Mombasa miaka minne, likilala nje karibu na bahari. Kifuniko cha mpira cha nyuma ya taa hakikuwepo, bila shaka aliyebadilisha balbu siku moja hakukirudisha. Upepo wa bahari ukaingia ukala, na mvua za Eldoret zikamalizia.

Tulisafisha kijia kwa spiriti, tukakwangua kutu, tukapaka gia grisi ya silikoni. Mota ikanyamaza. Siku kumi na mbili baadaye ikaanza tena, maana kijia kilikuwa kimeshaliwa, na spiriti hairudishi kaboni. Nikanunua mota ya mtumba peke yake, iliyotolewa kwenye taa iliyopasuka kioo. Bei yake haikufika hata robo ya ile ya taa nzima niliyotajiwa. Kifuniko cha mpira nacho nikakitafuta siku hiyohiyo.

Kazi haikuishia hapo, kwa kuwa mota mpya haijui zamani taa ilikuwa ikitazama wapi. Nilisimamisha gari pahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, upepo wa magurudumu sawa, kigurudumu kwenye 0. Kwenye dimu, mstari unaotenganisha mwanga na giza uwe chini ya kimo cha balbu kwa sentimita 10 hivi. Wangu ulikuwa juu ya balbu. Nikauteremsha kwa skrubu iliyo nyuma ya taa.

Ijumaa iliyofuata nilipita Timboroa saa mbili usiku, ukungu uleule, magunia mawili ya viazi kwenye buti na kigurudumu kwenye 2. Niliyahesabu malori hadi Burnt Forest. Kumi na tisa, na hakuna hata moja lililonimulika.